Kioo kimepasuka, video ipo

"Fundi, kioo achana nacho. Nataka video."

Kijana wa bodaboda. Namjua kwa sura, kwa sababu kituo chao kiko hatua chache kutoka kibanda changu hapa Likoni, Mombasa. Simu alikuwa ameitia kwenye mfuko wa mkate, na chini ya mfuko mlikuwa na vipande vya kioo vidogo kama chumvi ya mawe. Kona ya juu ilikuwa imebonyea kwa ndani. Nimeshika simu za watu miaka kumi na moja, na simu iliyoanguka naijua: ya kuanguka kwenye ngazi ina alama yake, ya kukanyagwa na tuktuk ina yake, ya kutupwa ukutani na wapenzi waliokosana ina yake. Hii ilikuwa na shimo la mviringo. Kitu kigumu kilishuka juu yake kwa nguvu za mtu.

Nikamwuliza imekuwaje. Akasema alisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi jioni, akaombwa "ya chai", akakataa, akatoa simu akaanza kurekodi. Askari akamwamuru afute. "Nikafuta mbele yake, fundi, akaona kwa macho yake. Ndiyo akaipiga rungu." Shavu la kushoto lilikuwa limevimba, lakini la shavu hakulisema. Nililiona tu.

Nilipompigia namba yake, simu ikatetemeka mezani. Ilikuwa hai. Nikafungua kava la nyuma kwa hewa ya moto, nikang'oa skrubu, nikachomoa waya bapa wa kioo kilichokufa na kuchomeka kioo changu cha majaribio cha modeli ileile. Mwanga ukatoka. Akaweka mchoro wake wa siri, kidole kikimtetemeka, mara ya kwanza akakosea. Tukaingia kwenye video: hakuna kitu. Tukaingia kwenye folda ya taka, ile ambayo watu wengi hawajui kwamba ipo. Simu nyingi za siku hizi ukifuta picha hazifuti papo hapo, huiweka pembeni siku 30 kwanza. Na pale ikawa imelala. Sekunde 41.

Tuliitazama bila sauti, kwa sababu spika ilikufa kwa lile pigo. Kwanza lami na viatu. Halafu mkono unanyanyuka na kamera inafika kifuani kwa askari. Nikasimamisha picha hapo, nikaikuza. Mahali pa kibandiko cha jina palikuwa na matundu mawili madogo ya pini na kitambaa ambacho hakijapauka kama sehemu nyingine ya shati. Jina huwa linakaa pale. Siku hiyo lilikuwa limevuliwa.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika Jedwali la Sita, inasema askari aliyevaa sare lazima awe na jina au namba yake ya kazi mahali panapoonekana wazi. Sikuijua sheria hiyo kabla ya wiki ile. Niliitafuta usiku, kwa sababu yale matundu mawili hayakuniacha nilale.

Mimi si mwanasheria wala mwanaharakati. Kazi yangu ni vioo, chaji na betri. Lakini mambo ya kamera na askari siku hizi yanapita mezani kwangu zaidi ya ninavyopenda, na kila yanapopita najikuta nauliza lilelile: hii picha, imeshikwa na nani? Kuchukuliwa imechukuliwa. Nataka kujua inakaa kwa nani baada ya hapo.

Tarehe 27 Machi 2020, Ijumaa, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, nilikuwa upande wa kisiwani nikisubiri feri na boksi la vioo kichwani. Waliokuwepo wanakumbuka. Kafyu ilikuwa inaanza saa moja jioni, waajiri waliwaachia watu wakati mmoja, na sote tulioishi ng'ambo tulikuwa tunakimbilia kivuko kimoja. Tukaambiwa tukae mbalimbali mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya kukaa mbalimbali. Halafu vitoa machozi, halafu rungu. Nilimwona mama mwenye buibui akiwa amepiga magoti akitapika. Kuna watu walipigwa wakiwa wamelala chini. Mpiga picha wa NTV aliyekuwa akirekodi akashambuliwa na askari akiwa kazini na kamera yake mkononi, na hilo pia likanaswa.

Mimi sikutoa simu. Nilikuwa na mikono miwili, yote kwenye boksi. Nalisema hili kwa sababu linaniuma mpaka leo: fundi wa simu, mfukoni ana simu mbili zenye chaji, na kilichotokea mbele yake kinaonekana ulimwenguni kwa sababu ya watu wengine. Siku tano baadaye, tarehe 1 Aprili, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi hadharani kwa ukatili uliofanywa na polisi wakati wa kusimamia kafyu. Naamini bila zile picha tungeambiwa ni umati uliokataa kutii amri.

Lakini picha peke yake haitoshi, na mfano wake ni mkongwe kuliko biashara yangu. Tarehe 16 Januari 2008, katika fujo za baada ya uchaguzi, kamera ya KTN ilikuwa Kondele, Kisumu. Ikanasa askari akiwafyatulia risasi vijana wawili wasio na silaha. Wote wawili wakafa. Nchi nzima iliona taarifa ile ya jioni. Nilikuwa bado mwanafunzi, na nakumbuka baba yangu akisimama kutoka kwenye kiti na kubaki amesimama mpaka habari zikaisha. Askari alishtakiwa kwa mauaji. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ikamwachilia. Namba ya bunduki aliyoandikiwa kwamba alipewa siku hiyo haikuwa sawa na namba ya bunduki iliyopimwa na mtaalamu wa risasi. Kamera ilifanya yake. Bunduki na vitabu vya kuandikia bunduki vilikuwa ndani ya ofisi za polisi, na huko ndiko uzi ulikokatikia.

Nimeirudia kesi hiyo mara nyingi akilini. Hakimu au jaji hahukumu kwa kile tulichokiona sebuleni. Anahukumu kwa mnyororo: nani alichukua, nani alipokea, nani alitunza, namba gani, saa ngapi. Pete moja ikikosekana, mtu anakwenda nyumbani.

Sasa njoo Juni 2025. Albert Ojwang, mwalimu na mwandishi wa mtandaoni, akakamatwa kwao Homa Bay tarehe 7 kwa ajili ya andiko kuhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi. Akasafirishwa mamia ya kilomita mpaka Nairobi. Kesho yake alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa kwenye ukuta wa seli. Wapasuaji wa maiti wakaeleza majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa, na michubuko sehemu nyingi za mwili ambayo haikulingana na mtu aliyejigonga mwenyewe.

Kituo kikuu cha polisi cha Nairobi kilikuwa na kamera. Hili ndilo watu wengi walilitegemea: basi tutazame kamera. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, ikaenda mbele ya Seneti na kueleza kwamba mfumo wa CCTV ulikuwa umevurugwa. Diski zimebadilishwa na kufomatiwa. Miongoni mwa waliokamatwa baadaye alikuwemo fundi wa CCTV.

Nilikaa kwenye stuli yangu nikaisoma habari hiyo mara mbili. Fundi. Mtu kama mimi, mwenye bisibisi kama zangu, anayepigiwa simu asubuhi aje haraka. Sijui moyo wake na kesi si yangu kuihukumu. Ila mikono yake naijua. Najua kufungua ile mashine inachukua skrubu ngapi, najua ukibonyeza kufomati hutokea swali la mwisho kwenye skrini, "una uhakika?", na mtu anachagua ndiyo. Sauti ya diski ikizunguka ni laini sana. Mtu wa pembeni hawezi kujua kwamba kuna kitu kinaondoka.

Kamera ile ilikuwa na macho mazuri kuliko simu ya kijana wangu. Ilikuwa na umeme wa uhakika, imefungwa juu ambapo rungu halifiki. Ilikosa kitu kimoja: mwenye kuitunza alikuwa ni yuleyule wa kutazamwa.

Linganisha na kilichofuata ndani ya siku chache tu. Tarehe 17 Juni, watu wakiandamana Nairobi kwa ajili ya Ojwang, muuza barakoa Boniface Kariuki alipigwa risasi ya kichwa kwa karibu, mchana, barabarani, barakoa zake zikiwa mkononi. Kamera za watu na za waandishi zilikuwa pande zote. Siku ileile polisi wenyewe walitangaza kwamba askari husika ameshikwa, na baadaye akashtakiwa kwa mauaji. Kariuki alifariki tarehe 30. Mwezi mmoja, mji mmoja, polisi walewale. Kwa Ojwang tuliambiwa ukuta. Kwa Kariuki hapakuwa na nafasi ya kusimulia ukuta, kwa sababu video ilikuwa tayari iko kwenye simu milioni ambazo hakuna fundi angeweza kuzifomati.

Serikali inajua hili vizuri. Tarehe 25 Juni mwaka huohuo, maandamano yalipofika mwaka mmoja tangu vijana waingie bungeni, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru televisheni ziache kuonyesha moja kwa moja, na NTV na KTN zikazimwa mpaka mahakama ilipoingilia kati.

Kuna wanaosema dawa ni askari wote wavishwe kamera kifuani. Sipingi. Ila nimesoma kidogo na matumaini yangu yamepungua. Huko Washington, Marekani, waligawa askari zaidi ya 2,000 kwa bahati nasibu, wengine na kamera, wengine bila. Matokeo yakatoka mwaka 2017: hakuna tofauti ya maana katika matumizi ya nguvu. Na George Floyd, mtu mweusi aliyekandamizwa shingoni na askari, alipokufa Minneapolis mwaka 2020, askari waliokuwepo walikuwa na kamera kwenye sare. Tangazo la kwanza la polisi bado liliandika kifo kama tatizo la kiafya. Ukweli uliletwa na msichana wa miaka 17 aliyesimama kando ya barabara na simu yake, asiondoke. Hapa kwetu nako tangu 2014 tumekuwa na mradi wa kamera 1,800 za usalama kwa Nairobi na Mombasa. Zinatutazama sisi. Raia akitaka picha iliyonaswa na kamera ya mlingotini, anaanzia kwa polisi.

Nina mteja askari. Mtu mzima, karibu kustaafu, huleta simu ya mkewe kila baada ya miezi michache. Siku moja nilimwuliza wazi, "Afande, raia akikurekodi unajisikiaje?" Akafikiri kidogo. "Fundi, mimi ukinirekodi nakuacha. Nimeandikiwa mashtaka ya uongo mara mbili, ningekuwa na video ningelala usingizi. Anayeogopa simu ni yule ambaye jioni anagawana." Kisha akaniomba nisimtaje, na simtaji. Nimemweka hapa kwa sababu kuna askari wa namna yake, na kamera ni yao pia.

Sasa niseme ya kazi yangu, kwa sababu hapa ndipo video nyingi zinapofia, mikononi mwetu wenyewe na wala si mikononi mwa polisi.

Mtu akirekodi tukio, cha kwanza anakituma kwenye kundi la WhatsApp. Halafu simu inajaa, anafuta ile ya kwenye kamera na kubaki na ya WhatsApp. Ndugu yangu, umetupa nazi umebaki na kumbi. WhatsApp ikituma video kwa njia ya kawaida huiminya, na huondoa maelezo yaliyofichwa ndani ya faili: saa na dakika ya kurekodi, wakati mwingine mahali penyewe kwa ramani. Uso uliokuwa unatambulika unakuwa ukungu. Namba ya gari unabaki kuibahatisha. Ukitaka kuituma ikiwa kamili, itume kama hati, kama unavyotuma barua ya kazi, isiminywe. Na ile ya mwanzo usiiguse. Usiikate mwanzo ili ifike haraka kwenye kipigo, usiitie maneno, usiitie muziki. Ule mwanzo wa lami na viatu unaouona hauna maana ndio unaoonyesha kwamba hukuanza wewe.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini kifungu cha 106B kinataka cheti: maelezo ya kifaa kilichotumika, jinsi rekodi ilivyopatikana, na sahihi ya mtu anayewajibika na kifaa hicho. Maana yake mwenye simu ana thamani kama video yenyewe. Video isiyo na mwenyewe, iliyotoka "kwa kundi", wakili wa upande wa pili ataichana mchana kweupe.

Kwa hiyo kwa yule kijana nilifanya hivi. Kwanza nilihamisha faili nzima kwa waya mpaka kwenye kompyuta, bila kuifungua. Nikapiga hesabu ya faili kwa programu ya bure inayotoa mfuatano wa herufi na namba 64. Ukibadilisha hata nukta moja ndani ya video, mfuatano ule unabadilika wote, kwa hiyo ni kama alama ya kidole ya faili. Nikauandika kwenye daftari, pamoja na modeli ya simu, namba ya IMEI, tarehe na saa niliyoihamisha, na kazi niliyoifanya: nimebadilisha kioo, ubao wa ndani sijaugusa. Yeye akatia sahihi, mimi nikatia sahihi. Nakala moja kwenye memori kadi, ndani ya bahasha. Nyingine kwa dada yake anayeishi Voi. Nikamwambia asiuze ile simu wala asiifomati, hata akipata nyingine nzuri. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa asile mbegu wakati ana njaa, maana ile simu ndiyo mali yake ya pili baada ya pikipiki.

Kuna jambo ambalo wenye simu hatulifikirii vya kutosha. Kwenye sekunde 41 zile kuna mwanamke aliyekaa nyuma ya pikipiki nyingine, amejifunika uso kwa mtandio, halafu mtandio unateleza. Hakuchagua kuwepo. Nakala ya kupeleka kwa wachunguzi iache hivyohivyo. Nakala ya kusambaza, kama ni lazima kusambaza, mfiche. Nimeona watu wakipata taabu mtaani kwa sababu tu walikuwa nyuma ya tukio.

Na usalama wako. Katiba, ibara ya 33, inakupa uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari, na barabara si kambi ya jeshi. Lakini ibara haizuii rungu. Simama mbali kadiri simu yako inavyoweza kukuza. Usiisogeze usoni kwa mtu mwenye silaha. Ukiambiwa futa na umezidiwa, futa, nenda zako, halafu njoo kwa fundi mapema kabla siku 30 hazijaisha, na usirekodi kitu kingine juu yake. Uhai kwanza. Video tutaitafuta.

Kijana alikwenda Mombasa mjini, kwenye ofisi ya IPOA, akaandikisha malalamiko. Jambo linaendelea na sitalisema zaidi ya hapo.

Wiki mbili baadaye akaja mama yake. Alitoka Mtongwe kwa miguu, kitenge begani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiye una ile picha ya mwanangu." Nilisita. Nikampigia kijana kwanza nimwombe ruhusa, naye akasema mwonyeshe. Nikachomeka kadi kwenye kompyuta, ambayo spika zake nzima. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia ile video. Siku zote nilikuwa nimeitazama kimya.

Alipofika pale kifuani kwa askari, penye matundu mawili, akaninyooshea mkono nisimamishe. Macho hayakuwa kwenye skrini, yalikuwa chini, ametega sikio.

"Rudisha nyuma kidogo. Hapo anasema nini mwanangu?"

Nikarudisha, nikapandisha sauti mpaka mwisho. Upepo, honi ya matatu, halafu sauti ya kijana wake, ya upole kabisa, kama anayeongea na mwalimu.

"Anamwuliza jina lake, mama," nikamwambia. "Anasema, 'Afande, samahani, jina lako nani?'"

Akasema nirudishe tena.